Lepe, Kusinzia na Kujikaza: Lugha ya Usingizi Barabarani na Vifaa vya Kumwonya Dereva katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

"Dere, umelala?"

"Sijalala, nimepepesa tu."

Mazungumzo ya aina hii huweza kusikika usiku katika magari ya abiria yanayoelekea Kayole, Dandora, Umoja au Donholm, hasa baina ya dereva na abiria aliyeketi kiti cha mbele. Abiria ametumia kitenzi kimoja, dereva akamsahihisha kwa kingine, na safari ikaendelea. Kwa mwanafunzi wa lugha sahihisho hilo si dogo. Kupepesa ni kufumba na kufumbua kope kwa sehemu ya nukta tu, na kila aliye macho hupepesa. Kulala ni jambo jingine. Baina ya vitenzi hivyo viwili pana nafasi ambayo dereva hakuitaja, na ni katika nafasi hiyo ambapo watu hufa.

Makala haya yanachunguza nafasi hiyo kwa upande wa lugha. Wahandisi wa magari wameunda vifaa vinavyotambua kwamba dereva anasinzia na kumwonya kabla hajalala. Vifaa hivyo vina ngazi za kupimia usingizi, vina majina, na vina maneno ya kumwambia dereva. Mambo haya matatu hayajashughulikiwa vya kutosha katika Kiswahili, ingawa Kiswahili, kama itakavyoonyeshwa, kina hazina pana ya msamiati wa usingizi. Mitaa ya Eastlands imeteuliwa kwa kuwa wengi wa wakazi wake husafiri kila siku kwa magari ya abiria, na kwa kuwa Kiswahili, pamoja na Sheng, ndicho lugha ya steji, ya karakana na ya ndani ya gari.

Chukulia dereva wa Kayole anayeamka saa tisa na nusu usiku ili awawahi abiria wa alfajiri. Hadi saa mbili na nusu usiku unaofuata atakuwa amekaa macho kwa saa 17. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 hutenda kazi kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Saa mbili na nusu usiku, mjini kati, foleni za wanaorudi Eastlands huwa bado hazijakwisha.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, katika kifungu cha 66A, inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Lakini sheria hiyo haina mwangalizi ndani ya gari. Polisi anayesimama barabarani ana kipimo cha pombe, kijulikanacho mitaani kama alkoblo. Kipimo cha usingizi hana.

Kifaa kinaona nini

Watengenezaji wa magari wamefuata njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuuchunguza usukani. Katika mfumo ulioanzishwa na Mercedes-Benz mwaka 2009, kihisi hujifunza mwanzoni mwa safari namna dereva anavyoushika usukani, kisha hutafuta dalili moja mahususi: usukani hutulia kwa muda usio wa kawaida, halafu husahihishwa ghafla. Aanzaye kusinzia huliacha gari lielee kidogo, akashtuka, akalirudisha. Yakitokea hayo mara kadhaa, picha ya kikombe cha kahawa huwaka mbele ya dereva.

Mfumo huo wa kwanza ulifanya kazi gari likiwa katika mwendo wa kati ya kilomita 80 na 180 kwa saa. Msomaji wa Kenya atatabasamu hapa. Kanuni za Michuki, yaani Tangazo la Kisheria nambari 161 la mwaka 2003 lililoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyawekea magari ya abiria kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa kutumia kidhibiti mwendo, ambacho makondakta na madereva hukiita gavana. Mahali ambapo mashine ile inaamka ndipo gavana anapolizuia gari. Katika Barabara ya Jogoo, ambako foleni huzuia hata mwendo wa kilomita 50, ingelala siku nzima.

Njia ya pili ni kuutazama uso. Kamera ndogo huwekwa karibu na usukani pamoja na taa za mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ili uso uonekane hata gizani. Toyota ilianza na kamera iliyotambua tu kama dereva amegeuza uso, katika magari ya Lexus mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaongeza uwezo wa kuzitazama kope. Kipimo kinachotumiwa sana katika njia hii kilichunguzwa Marekani katika miaka ya 1990: huhesabiwa ni sehemu gani ya muda, tuseme dakika moja, ambapo kope zimeifunika mboni kwa asilimia 80 au zaidi. Kupepesa kwa kawaida hakuongezi hesabu hiyo sana. Kope zinazoshuka polepole na kukawia kupanda ndizo zinazoongeza. Kwa maneno mengine, kamera inaweza kumjibu yule abiria wa kiti cha mbele.

Katika Umoja wa Ulaya, vifaa vya kumwonya dereva anayesinzia vimekuwa vya lazima kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022, na kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Eastlands haipokei teknolojia hii kwa njia hiyo. Mabasi mengi ya abiria hujengewa bodi papa hapa nchini juu ya chesisi ya lori dogo, na mwenye gari huwekeza zaidi katika muziki na michoro kuliko katika kamera ya kumtazama dereva. Magari madogo, yakiwemo ya teksi zinazoagizwa kwa simu, hutoka Japani yakiwa yametumika, na Kenya huyaruhusu kuingia yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Kwa hiyo vifaa hivi vinazidi kufika kama vilivyo, pamoja na lugha yake.

Mwenye kupanda magari hayo anaijua lugha hiyo. Gari likiwashwa, sauti ya kike husema kwa upole sentensi nzima ya Kijapani, aghalabu kuhusu kadi ya kulipia barabara za Japani ambayo haimo. Dereva wa Nairobi huisikia kila asubuhi wala haimshughulishi. Amezoea kwamba gari lake lina jambo la kusema ambalo halimhusu. Onyo la usingizi likija kwa sauti ile ile, litapokewa kwa masikio yale yale.

Ngazi tisa na maneno ya Kiswahili

Kanuni za Ulaya zinahitaji kipimo cha kuamulia ni lini dereva aonywe, nazo zimetumia Kipimo cha Karolinska, kilichochapishwa na Torbjörn Åkerstedt na Mats Gillberg wa Stockholm mwaka 1990. Kina ngazi 9. Ngazi ya kwanza ni ya mtu aliye macho kabisa. Ya tano ni ya asiye macho sana wala hana usingizi. Ya sita ina dalili za usingizi. Katika ya saba mtu ana usingizi lakini hatumii nguvu kukaa macho. Katika ya nane anatumia nguvu kiasi. Katika ya tisa ana usingizi mwingi na anapambana nao kwa nguvu nyingi. Onyo hutakiwa litolewe dereva anapofika ngazi ya nane.

Mfasiri wa haraka angezipa ngazi hizi namba na vielezi: "usingizi kidogo", "usingizi wa wastani", "usingizi mwingi sana". Tafsiri ya aina hiyo inapuuza kwamba Kiswahili hakipimi usingizi kwa wingi tu, bali pia kwa namna. Mtu huanza kwa kupiga miayo na macho kuwa mazito. Kisha husinzia, kitenzi ambacho husemwa pia kuhusu taa inayofifia na kuwaka tena inapokaribia kuishiwa na mafuta. Taswira hiyo inamfaa dereva kuliko maelezo mengi ya kitaalamu, maana hata yeye huzimika na kuwaka. Kuna usingizi wa mang'amung'amu, wa aliye nusu macho nusu ndotoni. Kisha kuna kulemewa na kuzidiwa. Mwisho kabisa kuna usingizi wa pono, samaki aliyepewa na watu wa pwani sifa ya kulala fofofo. Lakini huo hauna nafasi katika kipimo cha barabarani, kwani aliyeufikia hana tena cha kupimwa.

Neno linalostahili kutazamwa zaidi ni lepe. Katika matumizi ya kawaida neno hili hupatikana karibu kila mara pamoja na ukanushi: aliyefiwa, mgonjwa au mwenye madeni hukesha "asipate hata lepe la usingizi". Lepe ni kipande kidogo kabisa cha usingizi, nacho hutamaniwa. Sasa watafiti wa usingizi wana istilahi ya usingizi wa ghafla unaodumu kwa nukta chache, ambao mara nyingi mwenyewe hajui kwamba umempata. Wapo watakaoutafsiri kuwa "usingizi mdogo" au "usingizi mfupi", maneno yanayofaa zaidi kwa mtu aliyejinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana. Lepe lipo tayari. Linahitaji tu kutolewa katika ukanushi na kuletwa barabarani, ambako halitamaniwi na mtu. Lepe la nukta tatu katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mita 66 zilizopitwa bila dereva. Katika mwendo wa kilomita 50 ni zaidi ya mita 41, na katika Barabara ya Jogoo, kwenye soko la Burma au Makongeni, mita 41 zina watu wanaovuka.

Ngazi ya nane inaleta tatizo la namna nyingine. Kiswahili kina kitenzi kinachoifaa kikamilifu, nacho ni kujikaza. Anayetumia nguvu ili asilale anajikaza. Lakini kujikaza ni sifa njema. Mama humwambia mtoto ajikaze, mgonjwa huambiwa ajikaze, na vijana wa Nairobi wameupamba ushauri huo kwa msemo wa "jikaze kisabuni". Dereva anayetafuta fedha za kumpelekea mwenye gari jioni hujisifu kwamba amejikaza tangu alfajiri. Kama ametafuna muguka ili macho yasifumbe, hiyo nayo ni sehemu ya kujikaza. Basi kile ambacho kipimo cha Stockholm kinakihesabu kuwa hatari, yaani ile juhudi yenyewe ya kukaa macho, katika lugha ya dereva ni ushujaa. Hakuna kamusi itakayoondoa mgongano huo kwa kubadilisha kisawe. Onyo lolote linalomhimiza dereva kwa maneno yanayokaribiana na kujikaza, kama "kaa macho" au "kuwa chonjo", linamrudisha katika ngazi ya nane. Linamwambia afanye kile kile anachokifanya tayari.

Sarufi ya kupitiwa

Katika Kiswahili usingizi hutenda. Umenishika, umenichukua, umenilemea, umenipitia. Mtu huwa yambwa ya sentensi, na akiwa kiima, kitenzi huwa katika kauli ya kutendwa: alishikwa na usingizi, alipitiwa na usingizi. Muundo huu ni wa kale na hauna kosa lolote. Mtu aliyeketi barazani akapitiwa na usingizi hana wa kumwomba radhi.

Lakini kitenzi kupitiwa kina maana ya pili. Aliyesahau miadi husema, "Samahani, nilipitiwa." Hapo hakuna usingizi, kuna kughafilika, na kuna ombi la kusamehewa ndani ya kitenzi chenyewe. Maelezo ya ajali yanaposema kwamba dereva "alipitiwa na usingizi", msikilizaji hupokea maana zote mbili kwa pamoja: tukio na udhuru wake. Linganisha na "dereva alisinzia". Kitenzi kusinzia hakina mtendaji mwingine wa kubeba lawama. Linganisha pia na usemi unaopendwa sana katika taarifa za ajali, kwamba dereva "alishindwa kulidhibiti gari", ambao hautuambii lolote kuhusu kilichomshinda.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba kauli ya kutendwa iachwe na dereva asemwe waziwazi kuwa amesinzia. Hitimisho hilo lina haraka. Aliyeamka saa tisa na nusu usiku hakuamshwa na tamaa yake peke yake. Kiasi cha fedha anachotakiwa kukabidhi kila siku huwekwa na mwenye gari, na saa za kazi hufuata kiasi hicho. Kauli ya kutendwa ina ukweli wake: dereva huyo ametendwa, ila mtendaji si usingizi pekee. Kifaa kinachohifadhi kumbukumbu ya kope za dereva bila kuhifadhi idadi ya saa alizowekwa kazini kitatoa ushahidi dhidi ya mtu mmoja katika jambo la watu wawili.

Eastlands yenyewe ilikuwa na dawa yake kabla ya kamera. Dereva au kondakta wa muda anayeshika gari kwa tripu chache ili mwenzake apumzike huitwa skwodi. Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza na kupewa maana yake steji. Skwodi mara nyingi hana mkataba wala siku ya uhakika, na wapo wanaomlaumu kwa uendeshaji wa vurugu kwa kuwa hulipwa kwa tripu. Hata hivyo yeye ndiye kifaa pekee cha kuzuia usingizi ambacho karibu kila steji ya Eastlands inacho. Istilahi yoyote ya kitaalamu itakayoundwa haina budi kuishi jirani na neno lake.

Jina la kifaa

Kiswahili kina mtindo hai wa kuunda majina ya ala kwa kiambishi ki-, shina la kitenzi na nomino: kipazasauti, kipimajoto, kinasasauti. Kwa mtindo huu jina la kwanza linalojitokeza ni "kiamshadereva". Linapendeza sikioni kwa sababu ya ujirani wake na kiamshakinywa, na mwanafunzi angelikumbuka mara moja.

Tatizo lake ni kwamba linasema uongo. Kifaa hiki hakimwamshi mtu. Kinapima, kisha kinaonya. Dereva akiambiwa kwamba gari lake lina kiamshadereva, ataelewa kwamba akilala ataamshwa, na kwa hiyo atathubutu kuendelea. Jina linaweza kuua. "Kitambuausingizi" ni sahihi zaidi lakini kinachelewa: usingizi ukishatambuliwa, gari limekwishatoka barabarani. Makala haya yanapendekeza "kipimalepe". Kinachopimwa ni kipande kile kidogo, kabla hakijawa usingizi.

Pingamizi linajulikana. Vijana wengi wa Umoja au Buruburu hawalitumii neno lepe katika mazungumzo yao, na historia ya istilahi za Kiswahili ina maneno mengi yaliyobaki vitabuni. Tarakilishi inafundishwa shuleni, lakini mitaani mashine ile ni kompyuta. Kidhibiti mwendo kipo katika taarifa rasmi, na steji inasema gavana. Hata baada ya kaunti kupata magavana wake mwaka 2013, hakuna abiria aliyewahi kuchanganya wawili hao. Yamkini kipimalepe nacho kitafupishwa au kupewa jina la mzaha. Hilo si baya, mradi jina la mzaha lisiwe na ahadi ya kuamsha.

Onyo katika nafsi gani

Linabaki onyo lenyewe. Magari mengi huonyesha picha ya kikombe na maneno machache ya Kiingereza ya kumshauri dereva apumzike. Tafsiri ya neno kwa neno ingeleta "chukua mapumziko", ambayo si Kiswahili cha mtu yeyote. "Pumzika" inatosha. Kikombe nacho hakijisomi chenyewe: anayekijua kikombe kutoka katika alama za barabarani ataelewa kwamba kuna mkahawa mbele. Na kama ni kahawa, ile kahawa chungu inayouzwa kwa birika Majengo na Eastleigh hunywewa na watu wanaokusudia kuendelea kukesha.

Sentensi fupi iliyo wazi zaidi ni "Unasinzia. Simama." Ina kitenzi kisichobeba udhuru, na ina amri inayohusu gari badala ya macho; haimwambii dereva ajikaze. Katika gari dogo la mtu binafsi hiyo ni sentensi njema. Imo katika nafsi ya pili umoja, na ndani ya gari hilo nafsi ya pili ni mmoja.

Katika gari la abiria hali si hiyo. Dereva aliyezoea kujibu kwamba amepepesa tu ataizima taa ndogo iliyo mbele yake kama anavyoipuuza sauti ya Kijapani, maana akisimama anapoteza tripu. Nyuma yake wameketi watu 14, au 33, ambao uhai wao unategemea sentensi wasiyoweza kuisikia. Kifaa cha gari la abiria kinapaswa kuisema kwa sauti na katika nafsi ya tatu: "Dereva anasinzia." Wa kuambiwa hapo ni kondakta aliye mlangoni, na mama wa kiti cha mbele aliyekwisha kuuliza swali lake. Na ikiwa itafuata amri, basi iwe katika wingi, kwa neno ambalo kila mmoja ndani ya gari analijua: "Mwiteni skwodi."